Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Tulikataa Udhamini

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha walaji, nawasilisha taarifa ya mwaka uliopita. Shughuli za kawaida sitazirefusha, kwani nyingi mnazijua. Semina za kusoma lebo zilifanyika, kamati ndogo ya malalamiko ilikutana kama ilivyopangwa, ziara za shuleni ziliendelea, na hesabu zimekaguliwa, mhazini atazisoma. Mwongozo wa Mnunuzi ulitoka pia, ila ulichelewa na ulikuwa mwembamba kuliko ule uliotangulia. Hapo ndipo penye maneno, na hapo ndipo nitakapokaa.

Kampuni moja kubwa ilijitolea kugharamia uchapishaji wote wa Mwongozo. Sharti lilikuwa moja: nembo yake ikae kwenye jalada, na chini yake yaandikwe maneno "rafiki wa mazingira". Kamati tendaji ilijadili, kura zikafungana nne kwa nne, na kwa mujibu wa katiba kura ya kuamua ikawa yangu. Nilikataa. Imesemwa pembeni kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Nilitumia kura niliyopewa na katiba mliyoipitisha wenyewe, na suala hilo likirudi mezani kesho nitapiga kura ileile.

Kabla ya kukataa tuliiandikia kampuni hiyo maswali matatu, ambayo niliyatunga mimi mwenyewe na katibu akayapeleka. Ni bidhaa ipi hasa inayostahili sifa hiyo? Nani, nje ya kampuni, ameihakiki? Na huko kiwandani, maji, nishati na taka vinashughulikiwaje? Tulijibiwa kwa picha nzuri za wafanyakazi wakipanda miti na kuokota taka ufukweni. Kupanda miti ni jambo jema na sitalibeza. Lakini hatukuuliza habari za miti. Archie Carroll, msomi wa masuala ya biashara aliyeuchora wajibu wa kampuni kwa jamii kama piramidi mwaka 1991, aliiweka hisani kileleni. Chini yake kuna maadili, chini ya maadili kuna sheria, na msingi wa yote ni kuendesha biashara yenyewe. Sisi tulionyeshwa kilele tu, na tulipouliza habari za matabaka ya chini hatukupata jibu.

Wapo waliosema tunawavunja moyo wanaojitahidi. Hoja hii nimeitafakari kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu aliyeileta ni mwanachama mkongwe ninayemheshimu. Jibu langu ni kwamba sifa isiyohakikiwa humdhuru kwanza yule anayejitahidi kweli, maana humweka rafu moja na mdanganyifu. Mwaka 2007 kampuni ya ushauri ya TerraChoice ilichunguza bidhaa 1,018 zilizojitangaza kuwa za kijani katika soko la Amerika Kaskazini. Zote, isipokuwa moja, zilikuwa na dai la uongo au lenye kupotosha. Mwaka 2020 Tume ya Ulaya nayo ilikuta kwamba asilimia 53 ya madai ya kimazingira iliyoyapima hayakuwa wazi, yalipotosha au hayakuwa na msingi. Mwaka 2015 iligundulika kuwa Volkswagen, iliyokuwa ikitangaza dizeli safi, ilikuwa imeweka programu ya kuhadaa vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Je, kama nembo ya namna hiyo ingekuwa kwenye jalada letu, nani angekuja kutuamini tena? Utafiti wa Sankar Sen na C. B. Bhattacharya wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wanunuzi huguswa zaidi na habari mbaya za kampuni kuliko nzuri. Yaani aibu ya mdhamini ingetufika sisi upesi kuliko sifa zake.

Wengine wakasema: lakini watu wanazipenda kampuni za aina hii, na sisi tunapingana na watu. Ndugu zangu, kupenda na kununua ni mambo mawili. Katika utafiti uliotajwa na jarida la Harvard Business Review mwaka 2019, watu 65 kati ya 100 walisema wanataka kununua chapa zinazojali jamii na mazingira, lakini wanaonunua kweli ni 26 hivi. Pengo hilo ndilo kazi yetu hasa, na halizibwi kwa nembo. Mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza mwaka 1991 kwamba mtazamo wa mtu peke yake hautoshi kumfanya atende. Huangalia pia wale anaowathamini wanatarajia nini kwake, na kama jambo lenyewe liko ndani ya uwezo wake. Mtu anaweza kuipenda dunia kwa moyo wote, lakini bidhaa safi ikiwa ghali, au lebo ikiwa haisomeki, atachukua ileile ya siku zote. Simlaumu.

Kinachomsogeza kinajulikana. Ireland ilipoweka tozo ya senti 15 za yuro kwa mfuko wa plastiki mwaka 2002, matumizi yalishuka kutoka mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Watu hawakubadilika roho. Kilichobadilika ni kile walichokutana nacho wakati wa kulipa. Na katika jaribio la hotelini lililochapishwa mwaka 2008, kadi iliyowaomba wageni watumie taulo zao tena kwa ajili ya mazingira ilifuatwa na asilimia 35 hivi. Kadi iliyosema kwamba wageni wengi hapa hufanya hivyo ilifuatwa na asilimia 44. Watu huwafuata watu. Neno la chama cha walaji lina uzito kwa sababu linatoka kwa wanunuzi wenzao, na halikulipiwa na yule anayesifiwa. Tukiliuza mara moja, halitarudi.

Sasa nije kwa jambo linalonisononesha. Mkutano wa dharura niliouitisha mahsusi kujadili udhamini huu haukutimiza akidi. Waliokuja walikuwa 31, na wengi wa waliolalamika baadaye hawakuwamo. Ada ndiyo imekuwa mbaya zaidi: kati ya wanachama 186 walioandikishwa, waliolipa kamili ni 71, waliolipa nusu 38, na 77 hawajatoa chochote. Tunaambiwa tumekataa fedha. Nasema fedha za Mwongozo zipo, ziko mikononi mwetu wenyewe. Kama kila mmoja angelipa anachodaiwa, hakuna kampuni ambayo ingetushawishi kwa gharama za uchapaji. Nawaomba, si kwa kuwaaibisha, tumalize madeni haya.

Nikumbushe pia kwamba nilipokabidhiwa kiti hiki chama hakikuwa na sera yoyote ya udhamini. Leo rasimu ipo, nimeisimamia tangu mwanzo, na mmegawiwa nakala. Kwa ufupi, hatutapokea fedha kutoka kwa yeyote ambaye bidhaa zake tunazitathmini, na hatutaandika dai la kimazingira ambalo halijahakikiwa na mtu wa nje.

Mwaka ujao tunatarajia kuurudishia Mwongozo unene wake, kuanzisha ukurasa wa kueleza lebo moja moja, na ikiwezekana kupata vijana zaidi kwenye kamati. Tunatumaini pia kufanya mazungumzo na wafanyabiashara walio tayari kujibu maswali yale matatu. Kampuni iliyotujia awali nayo inakaribishwa, ikija na majibu.

Nawashukuru katibu, mhazini na wajumbe wote wa kamati, wakiwamo wanne waliopiga kura tofauti na mimi na bado wakaendelea kufanya kazi kwa bidii. Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tuijadili rasimu ya sera na kuipigia kura kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti