Mwanangu, kabla hujafunga hiyo injini nijibu la breki

Kamwene mwanangu,

Dada yako kanipigia usiku ananiambia mama mwulize mwanao gari iko wapi, kumbe umeshalipa advansi ya injini ya turbo, ile inayosukumiwa hewa kwa nguvu, 1JZ ya Toyota, unataka kuitia kwenye hiyo Toyota Mark II yako, na mimi uliniambia gari ipo gereji inarekebishwa kidogo. Kidogo gani hicho? Unatoka lita 2 unaenda lita 2.5 na turbo juu, halafu unamficha mama yako ambaye anauza spea toka wewe hujaanza darasa la kwanza. Nimeumia kwa kuficha, sio kwa injini.

Sikukatazi. Gari umenunua kwa hela yako, hukuniomba hata shilingi, na kila anayeingia hapa dukani namwambia huyo wa Dar ana GX100 yake safi, hiyo Mark II ya lita 2. Ila breki, mwanangu. Umepanga nini kwenye breki? Dada yako anasema umemtajia injini, rejeta, intakula ile ya kupoza hewa ya turbo, mpaka rimu mpya, breki hukuzitaja kabisa.

Sikiliza. Hiyo injini ya 1G-FE uliyonayo sasa Toyota waliipa hospawa 140, zile za kuanzia 1998 zenye VVT-i, ule mfumo wa kupanga muda wa valvu, zikafika 160. Hiyo 1JZ-GTE, yaani 1JZ yenye turbo, ni 280. Toyota wenyewe walipoifunga kiwandani kwenye JZX100, ile Mark II inayoitwa Tourer V, bodi ile ile kama ya kwako, hawakuiachia breki za gari ya lita 2, waliiwekea kubwa zaidi mbele. Sasa watu walioichora gari wameona breki hazitoshi, huyo fundi wako anasema zinatosha kwa hesabu ipi? Usiniambie "mama naendesha taratibu". Hakuna mtu anayelipia turbo ili aendeshe taratibu, na najua vizuri sikio la kupenda mlio wa injini umelitoa kwa nani, ulikuwa unalala hapa chini ya kaunta mafundi wanagombania karbureta juu yako na mimi nacheka nao.

Gari ikiwa 120 kazi ya kuisimamisha inazidi mara mbili ya ile ya kusimama kutoka 80. Hiyo sio maneno yangu, ni hesabu, ulisoma fizikia mwenyewe.

Wiki hii kaja kijana ana gari ndogo tu, kaniwekea pedi za mbele hapa mezani, upande mmoja hakuna kitu imebaki bati tupu, na diski yake imebadilika rangi, ina madoa ya bluu kwa joto na mistari unaweza kuingiza kucha. Anasema alikuwa anasikia inalia ila alidhani ni vumbi. Alikuwa ameshuka mlima Kitonga hivyo hivyo! Nikamuuzia pedi na diski nikamwambia amwage na mafuta ya breki yote, akaniona nataka kumpiga hela. Sasa wewe nikuambie labda utanisikia, mafuta ya breki yanavuta unyevu yakikaa muda mrefu, breki zikipata moto sana yanachemka, inatokea mvuke mle kwenye mipira, ukikanyaga pedeli inaenda mpaka chini kwenye kapeti na gari inaendelea. Kwenye mteremko, mbele yako lori la Tunduma linatambaa, kulia kwako basi linapanda. Kitonga unaijua, sina haja ya kukusimulia.

Kwa hiyo usinunue injini peke yake. Kama umeshaikubali hiyo, tafuta iliyokatwa na nusu ya mbele ya gari, au angalau waambie wakupe na giaboksi yake, waya zake zote na kontroli boksi yake, ile kompyuta ya injini, maana giaboksi ya 1G haikai kwenye 1JZ, utaanza kuchongesha vitu na pesa itaishia hapo. Ukipata nusu nzima ya Tourer V basi diski na kalipa zake, zile zinazobana pedi, zipo pale pale, zitoe, uje nazo. Angalia tu kama rimu zako zinapita juu ya hizo kalipa, na mipira ya breki usichukue ya zamani, nunua mipya. Nyuma nako usisahau, watu wanahangaika na mbele tu.

Na injini yenyewe usinunue kwa kuisikia inanguruma juu ya stendi. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani, ikiwa na tope jeusi achana nayo. Pima kompresheni silinda zote 6 na ziwe zinakaribiana. Shika shafti ya turbo kwa vidole, ikicheza kwenda pembeni mpaka inagusa ukuta, hiyo turbo imekwisha. Kabla haijaingia kwenye gari badilisha timing belti, wota pampu na sili za mbele, usisubiri zile kilomita 100,000 za kitabuni kwa sababu hiyo injini hujui imetembea ngapi huko Japani, na ikishaingia ndani kazi hiyo hiyo itakuwa ghali.

Ungeniuliza mimi ningekwambia 1JZ-GE, ile isiyo na turbo. Lita 2.5, ya VVT-i ina hospawa 200, joto dogo, unapanda nayo mpaka huku bila presha. Lakini hukuniuliza.

Karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, ukibadilisha injini nenda TRA wakubadilishie kadi, usikae na kadi ya lita 2 halafu boneti ikifunguliwa wakute kitu kingine. Dai risiti na nyaraka za forodha za hiyo injini kabla hujamalizia hela, asiyekuwa nazo muache na injini yake, unaweza kununua ya wizi bila kujua. Na bima uwaambie. Gari ikigonga mtu halafu bima waseme hii sio gari tuliyoikatia, utamlipa nani na nini? Unaona narudi kule kule kwenye kugonga, nirudi wapi sasa.

Baba yako anasema nikuache, kijana wa kiume lazima achezee gari. Sawa, sijabishana naye ila asubuhi nimemkuta anauliza mafundi hapa nje diski za Tourer V zinapatikana wapi, kwa hiyo naye halali.

Huku mahindi tumeshavuna, sio mengi kama mwaka jana, mvua ilikatika mapema. Bati la upande wa jiko linavuja bado, fundi anakuja anapima anaondoka, nadhani anasubiri uje wewe umpandishie sauti. Bibi yako macho yamefika pabaya, wamesema anaweza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, yeye anagoma anasema atasubiri akuone kwanza, mpigie umbembeleze, wewe anakusikiliza. Ada ya mdogo wako nitalipa mimi muhula huu, ile uliyoahidi kuchangia usinitumie, nunulia diski. Nasema kweli, usitume.

Maharage debe moja na parachichi nimekufungia, yanapanda basi la Jumamosi, yafuate stendi ya Magufuli pale Mbezi, na konda akikupigia pokea simu maana mara ya mwisho mzigo ulilala stendi parachichi zikaiva zote. Ukija kwa ajili ya bibi njoo na basi, hiyo gari iache huko mpaka nione picha ya breki zikiwa zimefungwa, mbele na nyuma.

Mama yako