Mwanangu, kabla hujasaini

Mwanangu,

Picha nimezipata zote saba. Sita za uso wa gari, moja ya viti vya ngozi. Ya matairi hakuna hata moja, nami nilikuomba hiyo tu.

Hiyo Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio ni nzuri, sibishi. Nimeikuza picha mpaka macho yakaniuma. Na unainunua kwa jasho lako, hukuniomba hata senti. Jirani ameshalisikia hilo kutoka kwangu mara mbili. Lakini swali langu unalikwepa tangu wiki iliyopita. Mvua ikinyesha itakuwaje? Nguvu za farasi 510, na zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji, matairi ya nyuma yanaachia lami na mkia unataka kukutangulia. Kuna mfumo wa kuzuia utelezi, ndiyo, ila tairi lililokwisha hauwezi kulifanya lishike.

Ilinganishe na BMW M3 Competition ya 2021, ile uliyosema pua yake inakukera. Farasi ni 510 vilevile. Inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.9, sawa na hiyo yako. Ya xDrive, inayotumia yote manne, sekunde 3.5. Injini ni ileile, na gari lenyewe limeongezeka uzito, lakini linawahi kwa sababu limeshika chini. Utaniambia usukani hupoteza utamu magurudumu ya mbele yakipewa kazi ya kuvuta na kukata kona kwa pamoja. Hapo una haki, na nafurahi kwamba unalijua. Lakini xDrive hiyo hupeleka nguvu nyingi nyuma. Ya mbele huitwa pale nyuma kunapolemewa. Hukuijaribu hata kidogo, mwanangu. Uliikataa kwa sura.

Ya siku ile darajani sikusimulii, ulikuwa kiti cha nyuma. Mama yako nilimwambia ni mvua. Matairi yale yalikuwa na upara tangu mwezi mmoja nyuma na fundi alikwisha kuniambia. Pesa yake ilikwenda kwenye rimu. Zile za kung'aa, ulizokuwa ukizipangusa kwa kitambaa.

Kwa hiyo hata ukichukua xDrive, usidhani umemaliza. Magurudumu manne husaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya matairi na breki. Ingiza kipimo kwenye mifereji ya tairi, kote, ndani na nje, maana upande wa ndani huisha bila kuonekana. Ikibaki milimita 3 badilisha, usingoje ifike 1.6, ambapo tairi huhesabiwa limekwisha. Na ukiishikilia Giulia yako, sawa, ni yako, lakini nipigie siku ya kwanza utakapoiendesha kwenye mvua. Kabla hujaondoka, si baada ya kufika.

Bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, nimeweka ndoo. Mama yako amepata miwani mipya, anasoma mpaka usiku. Ufunguo wa stoo uliondoka nao, tunachokonoa kufuli kwa msumari. Ulete ukija. Na ile picha ya matairi nitumie leo, ya nyuma kwanza.

Baba yako