Mama Neema, anza kuandika

Shoga, hamjambo huko? Sisi wazima, baridi tu ndo inatukomesha. Nimeona meseji yako eti unaomba mwaka mwingine wa kukusanya data ya tasnifu yako, nikachukia hadi nikashindwa kupiga simu, bora niandike.

Nilishakusimulia habari za Max Fisch? Mwanahistoria wa falsafa ya Marekani, alikuwa profesa Illinois. Mwaka 1959 idara ya falsafa ya Harvard ikamkabidhi kazi ya kuandika maisha ya Charles Peirce, yule mwanafalsafa wa Marekani aliyekufa fukara 1914, makaratasi yake mkewe akawauzia Harvard, huko yakavurugwa mpaka ukurasa haujui mwenzake. Basi mzee akaingia kazini, kila barua, kila tarehe, Peirce siku fulani alikuwa wapi na alimwandikia nani, yote anaandika kwenye vikaratasi, maelfu kwa maelfu! Kastaafu 1969 bado anakusanya, 1975 kahamia Indianapolis na shehena yake yote, bado. Wasifu wenyewe hakuumaliza.

Najua utanijibu kwamba bila vile vikaratasi wale wahariri wa Indianapolis wangepangaje maandishi ya Peirce, na kweli, juzuu la kwanza lilitoka 1982 na mkono wake umo. Na makala aliandika nzuri tu, ile ya 1964 ya kuuliza kama kile kikundi cha falsafa cha kina Peirce kule Cambridge, Marekani, kilikuwepo kweli, we isome uone mtu anavyofukua. Mi simdharau. Ila wasifu kaja kuutoa Joseph Brent 1993, na huyo tasnifu yake ilikuwa tayari tangu 1960, alinyimwa tu ruhusa ya kunukuu makaratasi. Fisch wakati huo alikuwa bado hai, kapita miaka tisini, anaona.

Sasa we huna Harvard nyuma yako mama, una ada na Neema anaingia fomu wani. Yale madaftari chini ya kitanda yanatosha, we mwenyewe ulisema wazee wameanza kukurudia yaleyale…

Sura ya pili umeigusa lakini? Msimamizi kasemaje, au bado unamkwepa? Da Zai karudisha turubai? Na mchezo unapokea mwezi gani, maana nina shida kidogo hapa, naweza kukukopa?