Wifi, laki tatu na thelathini, halafu unyamaze

Wifi yangu,

Naandika hapa kwa sababu simu yangu umeifungia, na ujumbe ninaompa kaka unakufikia ukiwa umechujwa. Kaka mwenyewe juzi kanipigia kwa kujificha, anaongea kama mtu aliye chini ya kitanda: "Mke wangu kaitwa akapike chakula cha usiku nyumbani kwa mtu, wageni wanane, hajui ataje shilingi ngapi. Usimwambie nimekuuliza." Kaka, nisamehe. Ningekaa kimya mkewe angeenda kupika bure.

Wageni wanane. Nikakuona hapo hapo, umeshika simu kwa bega, unamwambia mtu "tutaelewana tu." Wifi, neno hilo liache. Tutaelewana maana yake ni kwamba ataelewa yeye.

Bei usiitaje kwenye simu. Mwambie utamjibu jioni, na kabla hajakata muulize: watakula nini na saa ngapi, jiko lake lina mafiga mangapi, gesi ni yake au unabeba mtungi, sahani na glasi ni za nani, vinywaji ananunua nani, maji yanatoka. Hilo la maji usilidharau. Ile kazi yetu ya Nkuhungu hujaisahau, masufuria tisa na madumu mawili ya maji, mimi na wewe tunacheka mpaka tunakaa chini. Tulicheka, lakini dumu tulinunua wenyewe na hatukumdai mtu.

Kisha nenda sokoni na daftari kabla ya kununua chochote. Andika bei za wiki hii. Nyanya ya mwezi uliopita si nyanya ya leo, na bei unayompa mteja mwambie inadumu siku saba, baada ya hapo mnahesabu upya. Kuku wa kienyeji uko kwao hapo Singida, alizeti iko mlangoni kwako, hapo una nafuu kunishinda mimi wa Dodoma. Ila nafuu hiyo ni ya kwako. Usikimbilie kumgawia mteja hata kabla hajaiomba.

Nimekupigia hesabu ya hao wanane kwa makisio yangu, wewe utarekebisha. Tuseme vya sokoni vyote, mpaka chumvi, limao na kiberiti, ni 110,000. Bajaji ya kwenda sokoni, kwenda kwa mteja na kurudi usiku, 12,000. Gesi 8,000, maana mtungi haujazwi na malaika. Binti wa kukusaidia kuosha 15,000. Hapo ni 145,000 na wewe bado hujalipwa hata senti. Siku ya soko na kumenya ni siku ya kazi, siku ya kupika ni nyingine. Jilipe 40,000 kwa kila siku, kama ambavyo ungemlipa mpishi wa kukodi ukiwa unaumwa. Tumefika 225,000. Weka 20,000 ya vyombo, kwa sababu sahani zinavunjika na visu vinaisha makali, na 25,000 ya dharura. Laki mbili na sabini. Kisha 60,000 ya faida. Ujira wako si faida, wifi, hili ndilo tuligombania miaka yote. Ujira ni wa mikono yako, faida ndiyo itakayokununulia sufuria kubwa usiendelee kuazima la msikitini.

Jumla 330,000. Gawanya kwa wanane, 41,250 kwa kichwa. Na ukitazama utaona ni 110,000 mara tatu. Wapishi wengi wanaofanya kazi hii hupima hivyo kwa haraka: vya sokoni visizidi theluthi moja ya bei. Ukiona vimefika nusu, ujue unapika kwa ajili ya muuza kuku.

Najua utakachosema. Utasema mama lishe pale stendi anauza wali kuku kwa elfu chache na mtu anashiba. Ni kweli, na mimi ni mteja wake. Lakini yeye anapika sufuria moja kwa watu wengi, leo na kesho na keshokutwa, na anayekula ndiye anayemfuata. Wewe unamfuata mtu mmoja nyumbani kwake, unampikia anachotaka yeye, na usiku wako wote umeuuza. Ndiyo maana wageni wachache kichwa kinakuwa ghali zaidi. Bajaji haikupi punguzo eti wageni ni wanne. Weka kiwango chako cha chini, kwa mfano laki mbili na nusu, hata wakiwa watatu.

Sasa ile kazi yetu ya Ilazo, huku Dodoma. Nilijiapiza nisiiguse.

Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza shingo. Ilikuwa Juni, Bunge la bajeti limepamba moto, nyumba za wageni zimejaa, na ule upepo wa baridi wa Dodoma unaokausha midomo. Tulikubaliana na yule dada aliyetuita kumpikia, watu 10, kila kichwa 35,000, akatanguliza 175,000. Asubuhi sokoni Majengo nikasema kuku watatu, wewe ukachukua wanne. Nikadhani ni mkono wako tu, hujawahi kupika chakula kisibaki. Usiku wakaingia 14. Nilihesabu viatu mlangoni mara mbili. Nikaja jikoni, nikakutazama, ukainamia chungu cha mlenda unakoroga kitu kilichokwisha iva. Ulijua, wifi. Yule dada alikupigia jana yake, saa nane mchana, kwamba wameongezeka wanne, ukamwambia hakuna shida.

Hapo ningekusamehe. Chakula kilitosha, ugali wa uwele waliusifia mpaka mzee mmoja akaanza kusimulia shamba la mama yake Mpwapwa. Lakini mimi nikiwa nje nafunga masinia kwenye bajaji, yeye akakufuata kwenye karo akakuuliza, "Nimebakiza ngapi?" Daftari lilikuwa kwenye pochi yangu, hatua kumi kutoka ulipo. Ukamjibu, "Utakachojaliwa, dada yangu."

Akajaliwa laki moja.

Tulitakiwa kutoka pale na 490,000, tukatoka na 275,000. Sokoni tulitumia 206,000, bajaji na gesi na binti 49,000. Ilibaki elfu ishirini. Elfu kumi kumi, kwa siku mbili na usiku mmoja, na sinia la mama lenye maua likabaki kule na halikurudi.

Ukanijibu kwenye bajaji kwamba chakula hakipigiwi mahesabu namna ile, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji pale alikuwa yule dada, na alipona vizuri sana. Wale hawakuwa wageni wetu. Kwako mgeni akija usiku unakamata jogoo la mwisho, na mimi mwenyewe nimelila jogoo hilo, mwaka ule niliokuja na begi moja na hukuniuliza nitaondoka lini. Nalijua. Lakini ule ulikuwa ukarimu wa kwako, katika nyumba yako. Ilazo uligawa na wa kwangu.

Nilichosema getini nilisema. Kwamba ndiyo maana kaka yangu hatoboi. Mlinzi alisikia, dereva wa bajaji alisikia. Mama kaniambia niombe radhi, na ninaomba. Ila naomba mnielewe, nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na moja alfajiri, ada ya mtoto ilikuwa inangoja fedha ile ile, na mtu aliyenyimwa haki yake hachagui maneno. Au anachagua mabaya.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki hii nikikupigia hesabu ya Singida nilirudi kwenye daftari la Ilazo. 206,000 mara tatu ni 618,000. Kwa watu 14, kila kichwa 44,000 na ushee. Kumbe hata ile 35,000 yangu ilikuwa bei ya woga. Wewe uliogopa kwenye karo, mimi niliogopa siku nne kabla, kwenye simu, nilipotaja bei nikamsikia yule dada anavuta pumzi. Tofauti ni kwamba woga wangu uliandikwa.

Kwa hiyo andika. Idadi ya wageni ifungwe siku mbili kabla, kila anayeongezeka analipiwa bei ile ile. Nusu itangulie kabla hujaenda sokoni, na iliyobaki ipokelewe kabla sahani hazijapakuliwa, sio baada, kwa sababu mtu aliyeshiba anasahau haraka. Kama ni mtu wa ofisi atakayekuambia malipo yanashughulikiwa, basi na chakula kinashughulikiwa. Na ukishataja laki tatu na thelathini, nyamaza. Usiongeze "lakini." Akikaa kimya, kaa kimya na wewe, tazama ukuta. Akiomba punguzo, punguza chakula: toa mbuzi, bakiza kuku. Bei ya mikono usiiguse.

Kaka asikemewe, ameuliza kwa sababu anakuonea huruma.

Ule mlenda mkavu ulioniachia kwenye kopo la maziwa ya unga umebaki vijiko viwili, na nimeacha kuupika. Ukipata mtu anayekuja na basi, nitumie mwingine, nauli ya mzigo nitailipia huku stendi. Bei ya mlenda wenyewe siijui. Hujawahi kunitajia.