Kumlaza mtoto kifudifudi

Asalaam aleikum kina mama. Wengi mmeuliza kwa nini mtoto hulia akilazwa kifudifudi. Mara nyingi ametoka kunyonya sasa hivi, au yuko juu ya godoro laini linalobonyea, mikono haipati pa kujisukumia. Tandikeni mkeka sakafuni, juu yake leso, yaani kanga, iliyonyooshwa vizuri, na msubiri kama nusu saa baada ya kunyonya. Hapa Lamu, asubuhi kabla ya joto kupanda ndiyo saa nzuri.

Mtoto mchanga wa siku chache aanzie kifuani pako, nawe umejiegemeza. Dakika 2 au 3, mara 2 au 3 kwa siku, zatosha. Ongezeni kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani lapendekeza angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipande, kwa mtoto asiyeanza kutambaa.

Shingo ikichoka upesi, viringisha leso nyingine iwe nyembamba, uipitishe chini ya kifua, mikono itokeze mbele yake. Tazama viwiko: vikae chini ya mabega au mbele kidogo. Vikibaki nyuma, kichwa hakiinuki, na hapa ndipo wengi hukosea. Kisha lala chini nawe, uso kwa uso, umwimbie.

Akisinzia, mgeuze chali papo hapo. Usingizi wote ni wa chali, hata wa mchana. Tafadhali asiachwe kifudifudi peke yake, hata kama chungu kinaungua jikoni.

Mwenye mtoto wa miezi 4 ambaye kichwa bado kinalegea ampeleke kliniki, asingoje siku ya chanjo.