Ferritini peke yake haitoshi kwa watoto wa selimundu

Mhariri,

Binti yangu ana selimundu. Tangu alipopata kiharusi akiwa na miaka 8 anaongezewa damu karibu kila mwezi, na sasa yuko kidato cha pili. Damu hiyo imemfikisha hapo, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Nina neno kuhusu kile inachoacha mwilini.

Chupa moja ya damu ina miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Mwili hauna njia ya kukitoa chuma kikizidi. Hupoteza miligramu moja au mbili kwa siku, basi. Chupa 12 kwa mwaka ni zaidi ya gramu mbili, wakati mtu mzima mwenye afya ana gramu tatu au nne mwilini mwake mwote. Kinachobaki hujaa kwenye ini, na baadaye hata kwenye kongosho na moyo. Huku Moshi ukisema mtoto hana damu, majirani wanaleta juisi ya rozela na bibi yake anapika kisusio, ile supu yenye damu ya mbuzi. Wanampenda, nawaelewa. Nimechoka tu kueleza kwamba huyu chuma anacho, tena cha kumdhuru.

Kliniki tunapimwa ferritini, protini ya kuhifadhi chuma ambayo wingi wake kwenye damu hutumika kukisia chuma kilichomo mwilini. Mwaka jana ilipanda ghafla, tukakesha kwa hofu, kumbe alikuwa na nimonia. Ferritini hupanda kwa maambukizi yoyote, na watoto hawa hawaishiwi maambukizi.

MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndiyo inayoangalia ini lenyewe. Chuma huvuruga sumaku ya mashine, hivyo ini lililojaa chuma hufifia upesi kwenye picha, na kasi ya kufifia hukokotolewa kuwa miligramu kwa kila gramu ya ini kavu. Ikizidi 7 ni ya kushughulikiwa haraka. Ikizidi 15 ni hatari kubwa. Haina mionzi, wala hakuna sindano ya kunyofoa kipande cha ini kama zamani. Moyo nao hupimwa hivyo hivyo. Madaktari wa London walichapisha njia hiyo mwaka 2001. Kwa wenzetu wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, moyo ndio wa kuogopewa zaidi.

Dawa ya kuondoa chuma, kama deferasiroksi, hutolewa kwa kipimo. Ikipungua, chuma kinabaki. Ikizidi, figo zinaumia. Daktari atapangaje dozi kwa namba inayoyumba na kila homa?

Hospitali moja niliyokwenda ina MRI, lakini niliambiwa wanapiga kichwa na mgongo tu. Mtaalamu wa picha alikuwa muungwana, akaniambia mashine yao inaweza kupima ini wakiwekewa programu yake na kufundishwa kuisoma. Nikamuuliza mbona hawajaiweka. Akasema hakuna aliyewahi kuiomba.

Basi mimi naiomba, kwa maandishi.

Mzazi, Pasua, Moshi