Makala za safari zimwambie mgeni atokee mlango upi

Ndugu Mhariri,

Makala za safari zinazochapwa magazetini hueleza vizuri hoteli, vivutio na msimu wa kwenda. Zikifika kwenye suala la kuzunguka mjini, huishia kwenye sentensi moja: pakua ramani kwenye simu. Ushauri huo si mbaya, lakini kazi ngumu inabaki palepale. Simu inajua kumtoa mgeni stesheni moja hadi nyingine. Inapomwangusha ni pale anaposhuka, maana hajui atokee mlango upi, avuke barabara au asivuke, na zile mita 300 za mwisho azipite kwa upande gani.

Stesheni kubwa za treni za chini ya ardhi zina milango mingi kuliko mgeni anavyodhani. Shinjuku, mjini Tokyo, ina zaidi ya 200. Ukitokea usikotakiwa unajikuta ng'ambo ya reli, na kuzunguka kurudi upande wako kunaweza kula robo saa. Kwa hiyo kabla ya kutoka hotelini andika mambo matatu: stesheni unayoshukia, namba ya mlango wa kutokea, na jina la stesheni ambako treni hiyo inaishia. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndilo linalowapandisha watu treni ya kurudi walikotoka. Mabango ya jukwaani mara nyingi hayataji stesheni yako. Hutaja mwisho wa safari. Tokyo walipunguza taabu hiyo mwaka 2004 kwa kuzipa stesheni za chini ya ardhi herufi na namba. Ginza, kwa mfano, ni G09. Ukiwa unakwenda Ginza ukaona umepita G10 kisha G11, umeelekea siko, hata kama husomi Kijapani.

Kwa mabasi, namba hiyohiyo huenda na kurudi. Kituo cha kurudia kwa kawaida kiko ng'ambo ya barabara, ila kama barabara ni ya njia moja, kinaweza kuwa mtaa wa pili kabisa. Kitafute asubuhi unaposhuka, usisubiri usiku.

Ramani ya treni nayo isichukuliwe kuwa ramani ya mji. Ile ya London, iliyobuniwa na Harry Beck mwaka 1931 na kuchapwa kwa abiria mwaka 1933, ilinyoosha njia na kuachana na umbali halisi, na miji mingi imeuiga mtindo huo. Inafaa sana kuonyesha pa kubadilishia treni, lakini kwa umbali haiaminiki. Kati ya stesheni za Leicester Square na Covent Garden, mjini humo, kuna mita 260 hivi. Anayetembea hufika akamwacha mwenzake bado anangoja lifti. Mtu mzima hutembea takriban mita 80 kwa dakika, kilomita moja kwa dakika 12 au 13, basi pima kwanza kwenye ramani halisi kabla ya kubadilisha treni kwa ajili ya kituo kimoja.

Anwani ndizo zenye utamu wake, kwa sababu kila mji umezipanga kwa akili yake. Sehemu kubwa ya Manhattan, mjini New York, inafuata mpango wa mwaka 1811: mitaa imepewa namba zinazopanda kuelekea kaskazini, na mitaa 20 ni kama kilomita 1.6. Lakini barabara zinazoikata, zile ziitwazo Avenue, zimeachana zaidi. Mitaa mitatu kwenda kaskazini ni dakika tatu, ilhali Avenue tatu kwenda magharibi zinaweza kufika dakika kumi. Paris hesabu huanzia mto Seine: kwenye mtaa unaotoka mtoni, namba ndogo ziko upande wa mto, kwenye mtaa unaokwenda sambamba nao, namba hupanda kufuata maji yanakoelekea. Venice namba huhesabiwa kwa wilaya nzima badala ya mtaa, kwa hiyo anwani yenye namba pekee haikufikishi popote. Mwombe mwenye nyumba jina la uwanja au daraja lililo karibu.

Kuhusu simu yenyewe, wengi huamini kwamba bila intaneti GPS imekufa. Sivyo. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuihifadhi kabla. Mahali pa wazi hukosea mita tano hivi. Katikati ya majengo marefu mawimbi hugonga kuta kwanza, na kile kitone cha buluu kinachoonyesha ulipo huruka hadi mtaa wa jirani. Tena ukiwa umesimama, simu hutegemea dira yake kujua umeelekea wapi, na dira huvurugwa na vyuma au kava lenye sumaku. Usizunguke ukiitikisa. Tembea hatua 30 kwa mstari ulionyooka, uone kitone kinaelekea wapi, kisha thibitisha kwa majina ya mitaa miwili inapokutana.

Tiketi huwaponza hata wageni waangalifu. Berlin treni za chini ya ardhi hazina geti, hivyo ni rahisi kusahau kwamba tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri kwenye mashine inahesabika kama hakuna, na mkaguzi hutoza faini. London ukilipa kwa kadi ya benki, gusisha unapoingia na unapotoka kwenye treni. Kwenye basi ni unapopanda tu. Ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, hata kama akaunti ni moja, mfumo huona abiria wawili ambao safari zao hazikukamilika, na kila mmoja hutozwa nauli ya juu.

Kumwuliza mpita njia nako kuna namna yake. Ukisema, "Njia hii inakwenda stesheni?" wengi watakuitikia ndiyo, kwa adabu au kwa haraka zao. Sema, "Stesheni iko upande gani?" umwache anyooshe mkono mwenyewe. Na anwani ya hoteli uwe nayo kwenye karatasi, kwa maandishi ya nchi hiyo, kwa ajili ya dereva wa teksi siku chaji itakapoisha.

Kama mwandishi wa makala ana nafasi ya mstari mmoja tu, autumie kutaja saa ya treni ya mwisho. Tokyo, pamoja na ukubwa wake wote, treni hukoma kati ya saa sita na saa saba usiku, na hazirudi hadi karibu saa kumi na moja alfajiri.

Msomaji wenu